Pima kamshafti kwanza, laptopu baadaye

Injini iliyofungwa upya kwa kamshafti za nguvu (kamshafti ni mhimili unaofungua na kufunga valvu) mara nyingi hufika kwa mtu wa ramani, yule anayepanga petroli na cheche kwa kompyuta, na malalamiko yale yale: silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba, chini haina nguvu, juu inakata. Laptopu inafunguliwa, petroli inaongezwa, inapunguzwa, cheche inasogezwa mbele na nyuma, na jioni inafika gari bado linakohoa. Kosa haliko kwenye ECU, kompyuta ya injini. Kamshafti zimekaa digrii 6 au 8 mbali na pale mtengenezaji wake alipotaka, na hakuna ramani inayoweza kufunga valvu mapema kuliko chuma kinavyoifunga.

Alama zilizo kwenye puli zilichorwa kwa ajili ya kamshafti ya kiwandani, gasketi ya unene wa kiwandani na hedi (kichwa cha injini) ambayo haijachongwa. Sasa niambie ni hedi ngapi za namna hiyo zimebaki Kampala. Gari likichemka kwenye foleni hedi inapinda, inachongwa. Likichemka tena inachongwa tena. Kila ikichongwa, kamshafti inashuka karibu na krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), upande wa mkanda uliovutika unafupika, na kamshafti inachelewa kidogo. Kuruka jino moja la mkanda si dawa. Kwenye puli ya meno 48, jino moja ni digrii 7.5 za kamshafti, yaani digrii 15 za krankshafti, kwa sababu krankshafti huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Hapo ndipo puli za kurekebishika zinapolipa bei yake. Angalia tu kama vistari vyake vimehesabiwa kwa digrii za kamshafti au za krankshafti. Watu wengi husogeza mara mbili ya walivyokusudia.

Kazi inaanza kwa kutafuta kilele halisi cha pistoni namba 1. Bisibisi kwenye tundu la plagi haitoshi, maana karibu na kilele krankshafti huzunguka digrii kadhaa huku pistoni ikiwa kama imesimama. Chukua plagi kuukuu, toa kauri yake, na umpe fundi wa Katwe aichomelee bolti yenye ncha ya mviringo. Hicho ndicho kizuizi. Kitumie kabla ya kufunga kamshafti, valvu zote zikiwa zimefunga, ili bolti isigongane na valvu. Funga sahani ya digrii (duara lenye vistari vya digrii 360) kwenye krankshafti, na sindano ya kuisomea pembeni, zungusha kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse kizuizi, soma. Rudi upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Ukipata 28 kabla na 32 baada, sindano yako iko nje kwa digrii 2. Irekebishe mpaka pande zote mbili zisome 30. Toa kizuizi, kisha piga alama mpya kwenye puli ya krankshafti. Utaihitaji tena mbele.

Funga kamshafti, weka mkanda na uukaze kama utakavyokaa injini ikifanya kazi. Nafasi ya valvu iwekwe kabla ya kupima chochote. Kwenye 4A-GE ya Toyota yenye shimu (visahani vya kurekebisha nafasi hiyo), kitabu cha kiwanda kinataka milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.20 hadi 0.30 upande wa moshi, lakini kamshafti za nguvu huja na namba zake na hizo ndizo za kufuata. Kwenye 4G63 ya Mitsubishi, yenye rocka (mikono inayosukuma valvu) na vinyanyuzi vya mafuta, kuna mtego: kinyanyuzi hubonyea na usomaji wote unadanganya. Weka kinyanyuzi kigumu kimoja kwa muda wa kupima tu.

Dayo geji (saa ya kupimia mwendo wa valvu) ikae sambamba na njia ya valvu. Ikiinama, kipimo kinainama nayo. Zungusha injini upande inaozungukia siku zote. Ukipitiliza, rudi robo mzunguko uje upya, ili mkanda usilegee upande usiotakiwa. Tafuta mahali valvu ya hewa inapofunguka zaidi na uweke sindano ya dayo geji sifuri. Sehemu hiyo ni bapa, kwa hiyo usiisome moja kwa moja. Soma digrii valvu ikiwa imebakiza milimita 1 kufika kileleni, kisha soma tena ikiwa imeshuka milimita 1 kutoka hapo. Tuseme umepata 72 na 148 baada ya kilele cha pistoni. Jumlisha, gawa kwa mbili: 110. Kadi ya kamshafti, yaani karatasi ya vipimo vya mtengenezaji, ikisema 106, legeza bolti za puli na usogeze kamshafti mbele digrii 2 zake, ambazo ni 4 za krankshafti. Kaza, zungusha mizunguko miwili kamili, pima tena. Kupima mara moja hakutoshi. Upande wa moshi ni vile vile, ila unahesabu kabla ya kilele.

Kamshafti iliyonunuliwa Kisekka, soko la vipuri, bila kadi haikatazwi, mradi uipime yote na uandike kadi yako mwenyewe kabla ya kuifunga.

Sasa nafasi kati ya valvu na pistoni, sehemu ambayo kosa lake hukugharimu injini nzima. Weka springi laini za kupimia. Valvu ya hewa hukaribia pistoni zaidi kama digrii 10 baada ya kilele, ya moshi kama digrii 10 kabla. Kila digrii chache, bonyeza valvu kwa mkono mpaka iguse pistoni na usome dayo geji. Chini ya milimita 1.5 upande wa hewa na 2 upande wa moshi, simama. Ukiisogeza mbele kamshafti ya hewa nafasi hiyo inapungua. Ukiichelewesha ya moshi nayo inapungua. Andika umbali unaoruhusiwa kila upande, kwa sababu huko kwenye dyno (mashine ya kupimia nguvu ya gari) mtu atashawishika kusogeza puli. Springi za kazi nazo zisijibane: valvu ikiwa wazi kabisa, zibaki na milimita 1 au zaidi kabla ya duru zake kugusana.

Ukipima kompresheni, usiogope namba. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kitabu kikisema bar 12.6, hapa injini nzima itasoma karibu 11, na kamshafti inayoacha valvu wazi muda mrefu huishusha zaidi. Kinachohesabika ni silinda zote kulingana, tofauti isizidi asilimia 10.

Laptopu sasa. Funga taimingi ya cheche kwenye digrii 10 kabla ya kilele na uthibitishe kwa taa ya taimingi, ukitumia alama uliyopiga mwenyewe. Puli kuukuu zenye mpira katikati huteleza duara la nje, na alama ya kiwandani inahama nalo. Ingiza mtiririko wa injekta kwa presha ya petroli unayotumia, pamoja na muda zinaochelewa kufunguka kwa kila voti ya betri. Ukiacha hiyo ya pili, silensa itabadilika kila feni ikiwaka.

Kwenye silensa, usiifukuze sensa ya oksijeni. Valvu za pande zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja, hewa isiyoungua hupita hadi kwenye bomba la moshi, sensa inasema petroli haitoshi, ECU inaongeza, na plagi zinatoka nyeusi. Zima marekebisho yake chini ya mizunguko 1,500 kwa dakika, weka silensa 1,000 au 1,100, na upange kwa uthabiti wa injini.

Kwa nguvu kamili, injini isiyo na turbo anzia lamda 0.85 (kipimo cha hewa na petroli; chini ya 1 petroli ni nyingi) na cheche ya kiasi, kwenye dyno na si barabara ya Entebbe. Ongeza cheche digrii moja moja. Torki ikiacha kupanda, rudisha 2. Sikiliza noki, mlio wa petroli inayolipuka vibaya ndani ya silinda, kwa hedifoni. Tumia petroli ile ile ambayo mwenye gari hununua kila wiki. Kila ukisogeza puli, ramani ya petroli ipangwe upya, kwa kuwa hewa inayoingia imebadilika.

Halafu kuna miinuko. Ramani inayosoma tu jinsi mlango wa hewa wa injini ulivyofunguka, bila sensa ya presha ya anga, inaijua Kampala peke yake. Ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, petroli inazidi na gari linakuwa zito. Hatari iko upande wa pili: ukiteremka kutoka Hoima hadi Kaiso-Tonya, Ziwa Albert liko karibu mita 620, presha ya anga inapanda kutoka kama kilopaskali 88 hadi 94, na lamda yako ya 0.88 inasogea kuelekea 0.94 huku joto likiwa kali na cheche ikiwa pale pale. Weka sensa hiyo, jaza jedwali lake, kisha rekodi lamda mteremko mzima hadi ziwani kabla ya kumkabidhi mwenye gari funguo.