Siku moja maabara, Chake Chake

Saa 11 alfajiri
Nimeswali, nimekunywa chai na mkate wa kumimina wa jana, nimepanda gari ya kwanza kutoka Wete. Ni msimu wa karafuu, njia nzima inanukia majamvi ya karafuu zilizoanikwa.

Saa 1:30 asubuhi
Nawasha hadubini, nachuja rangi. Rangi isiyochujwa huacha madoa kwenye kioo, na madoa hudanganya macho. Kwa rangi hii ya eosini Paul Ehrlich wa Ujerumani alizitambua chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili mwaka 1879.

Saa 3
Anaingia bibi na mjukuu wake wa miaka 9.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Huyu ana pumu ya ngozi tangu hajaota meno. Usiku halali, ajikuna mpaka shuka yashika damu. Daktari kasema apimwe. Damu itatwambia maradhi yamefika wapi?"

Swali hilo jibu lake si fupi. Ngozi ikiwaka, eosinofili huongezeka, kingamwili ya mzio iitwayo IgE hupanda, na kimeng'enya cha LDH huvuja kutoka kwenye chembe zilizoumia. Daktari ametaka eosinofili na LDH. Ila kunjo la kiwiko, tunapomtoboa kila mtu, ndipo pumu ya ngozi inapopenda kukaa. La mtoto huyu limechubuka, linatoa maji. Sitoboi hapo. Natafuta mshipa nyuma ya kiganja, mwembamba kama uzi, navuta damu kwa haraka kuliko nilivyopaswa.

Saa 4
Kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu, naliona kosa langu: seramu, yale maji ya damu yanayojitenga na chembe, imetoka nyekundu. Chembe nyekundu zimepasuka, na ndani yake LDH imejaa tele. Nikiipima hivyo namba itakuwa kubwa, na daktari ataisoma kuwa ngozi imezidi. Naitupa. Kumwita mtoto mara ya pili kumenichoma.
"Bibi, naomba radhi. Kosa ni langu."
Safari hii namkanda kiganja kwa maji ya uvuguvugu, navuta polepole. Hakulia.

Saa 5
Nahesabu chembe nyeupe 100, moja moja: eosinofili 18. Nyeupe zote ni 9,200 kwa maikrolita, kwa hiyo eosinofili ni 1,656. Kawaida hazizidi 500. Namba kubwa, lakini hapa Pemba siiamini kabla sijajua mtoto anaoga wapi, maana minyoo na kichocho hupandisha eosinofili na IgE vilevile.
"Mtoni," bibi ananijibu. "Yeye na wenziwe, kila wakitoka chuoni."

Saa 6 mchana
Ndiyo saa ya mkojo wa kichocho. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Nachuja mililita 10, naweka kwenye hadubini. Mayai 7, kila moja na mwiba wake nchani.

Saa 8
Daktari ameshamkagua: SCORAD 54 kati ya 103. Kipimo hicho huhesabu eneo la ngozi lililoathirika, wekundu, ukavu, kisha huuliza muwasho na usingizi. Ikizidi 50, ugonjwa ni mkali. Tumekubaliana eosinofili za leo zisiandikwe kuwa ndizo kipimo cha ukali. LDH ya damu ya pili imepanda kidogo, hiyo tutaifuatilia. Japani, tangu 2008, bima ya afya hulipia kipimo cha TARC, protini inayoziita chembe za kinga kwenye ngozi, nayo hupanda na kushuka pamoja na ugonjwa. Mimi sina kipimo hicho mezani kwangu, na kila nikimwona mtoto kama huyu nakitamani.

Bibi anapokea prazikwanteli, dawa ya kichocho, na mafuta ya kupaka.
"Basi damu imesema habari za mtoni?"
"Imesema, bibi. Za ngozi tutaiuliza tena."
Sikumpangia kurudi wiki hii. Baada ya dawa ya kichocho eosinofili huweza kupanda kwanza ndipo zishuke. Nimeandika tarehe ya mwezi wa tatu kutoka leo kwenye kadi yake, nikamwomba aje naye saa 4, mtoto akiwa hajaenda mtoni.