Mvi Mnazisingizia Bure

Mwanaume akishafika arobaini na kitu, akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea hapa Ngamiani, Tanga, haangalii uso wake wote. Anasogea kwenye kioo, anainua kidevu, anakigeuza kushoto na kulia, anahesabu mvi. Akimaliza anauliza, "Fundi, piko ipo?" Ipo. Lakini mimi muda huo nimeshaona mambo mengine kibao yanayomzeesha, na yeye hata moja hajaliona.

Anayenyoa kwa wembe huujua uso kwa vidole kabla ya macho. Shavu la kijana wa miaka ishirini limejikaza lenyewe, wembe unateleza. La baba yake sharti nilivute kwa vidole viwili kuelekea sikioni, la sivyo wembe unarukaruka na kukwangua. Ngozi ya mtu mzima hupoteza kolajeni, ile protini inayoikaza, kidogo kidogo, inakadiriwa kama asilimia 1 kwa mwaka, na yale mafuta yaliyoinenepesha sehemu ya juu ya shavu hupungua na kushuka. Ndipo unapotokea ule mfereji unaotoka puani hadi pembeni mwa mdomo.

Sisi wenye ngozi nyeusi mikunjo inachelewa kutufikia, kwa kuwa melanini, ile rangi ya ngozi, inatukinga na sehemu ya jua. Inachelewa tu, haisamehi. Wavuvi wanaokuja wakitokea mwalo wa Deep Sea wana paji la uso la watu wanaowazidi umri. Ila wanaonifurahisha zaidi ni madereva wa malori. Usukani wetu uko kulia, na dereva wa siku nyingi shavu lake la kulia limekunjamana kuliko la kushoto. Kioo cha mlangoni huizuia miale inayobabua, lakini ile inayoingia ndani ya ngozi na kuilegeza inapita. Na wengi wenyewe hicho kioo wanakishusha. Nimewahi kumwambia dereva mmoja kwamba upande wa kulia ni kaka yake na wa kushoto ni mdogo wake. Alijipapasa mashavu yote mawili, akacheka, akasema atamwomba tajiri amhamishie usukani.

Masikio nayo. Watu hudhani natania nikisema mzee ana masikio makubwa kuliko alivyokuwa kijana. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, alitoa kwenye jarida la kitabibu la BMJ matokeo ya kupima masikio ya watu 206 wenye umri wa miaka 30 na kuendelea. Wastani ukatoka kwamba sikio linarefuka milimita 0.22 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka hamsini, sentimita moja na ushei. Pua inafanana na hiyo: gegedu la nchani linalegea, ncha inainama, pua inaonekana ndefu. Upara sitausemea sana, kila mtu ana lake. Wanaosema unatoka upande wa mama hawajakosea kabisa, kwani jeni moja kubwa inayohusika mwanaume huirithi kwa mama, ila na upande wa baba umo.

Sasa nije kwenye meno, maana hapa ndipo ninapogombana na wateja.

Gego likishang'olewa, mfupa wa taya uliokuwa umelishika unakosa kazi, na mwili unaanza kuula pole pole. Yaking'oka magego mawili matatu upande mmoja, shavu linabonyea, na sura nzima inaelemea huko. Yakiondoka yote, midomo inaingia ndani na kidevu kinapanda kuifuata pua. Hakuna mvi inayoweza kumfanyia mtu hivyo. Namjua mteja mwenye mapengo kabla hajafungua kinywa, kwa sababu nikifika shavuni wembe hauna pa kuegemea. Inabidi nimwambie, "Vimbisha shavu, kaka," ama alisukume kwa ulimi kutokea ndani. Yuko babu mmoja mstaarabu sana ambaye alipokaa tu alitoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni, eti asinichafulie kazi. Nikamwambia, "Shikamoo babu, lakini yarudishe. Bila hayo mimi sina pa kunyolea."

Ubishi wangu uko hapa. Jino likiuma, wanaume wengi wanataka ling'olewe siku hiyo hiyo waende zao. Kuziba wanaona ni gharama na mizunguko. Mtu huyo huyo kila baada ya wiki mbili yuko kwangu anapaka piko. Fedha anayo basi, ila anaipeleka kidevuni.

Tatizo ni kwamba uso hatuuoni ukibadilika, maana tunaamka nao kila siku. Mimi nilielewa jambo hili nikiwa kijana mdogo, Februari 1990, Mandela alipotoka gerezani. Huku Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, tukazingojea picha za magazetini. Tuliyemzoea ni yule wa picha za zamani, kabla ya kufungwa: mashavu yamejaa, ndevu kidevuni, njia ya nywele imechanwa kichwani. Aliyetoka ni mzee mwembamba, nywele za kijivu, mashavu yameingia. Miaka 27 yote ilikuja kwa mkupuo. Wakubwa waliokuwa wakilishika lile gazeti walimtafuta yule wa zamani ndani ya huyu mpya, na wengi walimpata kwenye tabasamu.

Piko sikatai kupaka, ni riziki yangu. Nachosema ni kwamba ndevu nyeusi tititi kwenye mashavu yaliyoshuka zinakaa kama kofia ya kuazima. Na kuna kemikali humo, kwenye paketi huandikwa PPD, ambayo wengine inawavimbisha uso mpaka macho yanafumba. Mtu anaweza kuwa amepaka miaka na isimdhuru, kisha siku moja mwili ukaikataa. Kwa hiyo mgeni kwangu nampaka tone nyuma ya sikio, namwambia arudi baada ya siku mbili. Wanaokasirika huenda saluni ya jirani, sawa tu.

Lingine wasilolitazama ni nywele zinazohama. Zile homoni za kiume zinazozinyausha za utosini ndizo zinazozinenepesha za puani na masikioni, na nyusi nazo zinaota ndefu, moja moja, zinachomoza mbele. Hizi nazipunguza bila kuombwa, kwa kuwa hakuna mwanaume atakayejishusha kuziombea. Za puani nakata ncha tu kwa mkasi wenye mdomo butu; kuzing'oa ni kukaribisha jipu, na zina kazi yake ya kuzuia vumbi. Waliovuka hamsini huduma hiyo ni bure. Wengine wote mnalipia, na msinidanganye umri, masikio ninayaona.