Laki tatu na rafu mbili tupu

Jana nimeshinda juani, Kariakoo mpaka Posta, na laki tatu za maktaba ya shule yetu. Agizo la kamati: vitabu vya maarifa tu, hadithi tunazo za kutosha.

Jamani, laki tatu zikiwa mfukoni ni nyingi. Ukifika dukani zinayeyuka kama barafu. Ensaiklopidia moja ya jalada gumu ingemeza karibu nusu. Nikairudisha rafuni, muuzaji kanuna.

Kwenye vya mtumba ndiko kwenye bei, ila macho yawe wazi. Mimi nina mitihani yangu mitatu. Nafungua ramani ya Afrika: Sudan Kusini haipo? Basi ni ya kabla ya 2011. Ramani ya Tanzania natafuta Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kisha ukurasa wa sayari: zikiwa tisa, Pluto bado imo, na ilishaondolewa kwenye orodha tangu 2006. Atlasi moja ilifeli yote mitatu. Niliiacha kwa uchungu maana picha zake, weee!

Vya wanyama sikuvibana sana. Twiga wa 1998 ndiye twiga wa leo.

Nimerudi na vitabu 26, vingi vyembamba. Asubuhi hii darasa la tatu wamegombania kimoja tu, cha nyoka, ambacho nilikaribia kukiacha kwa sababu jalada limechanika. Sasa hivi natafuta selotepu.