Nilivyoacha kuwagawa wanafunzi kwa macho, masikio na mikono

Semina ile niliipenda, na ndiyo iliyonipotezea karibu mwaka mzima. Tuliambiwa kila mtoto ana mtindo wake: huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, mwingine kwa mikono. Nikarudi darasani kwangu Kadutu, hapa Bukavu, wanafunzi 53 wamebanana kwenye madawati, nikawapanga makundi matatu.

Siku ya somo la moyo nikamwita msichana mmoja achore ubaoni vyumba vinne na njia ya damu. Akakataa kwa adabu: "Madamu, mie ni wa masikio."

Nikabaki na chaki mkononi. Mlango huo nimemfungia mimi mwenyewe! Kuna mtu atausikia moyo akajua damu ya upande wa kulia wa moyo inakwenda mapafuni? Somo hilo linadai mchoro, mwanafunzi awe nani.

Usiku, umeme ulipokubali kurudi, nikasoma makala ya mwanasaikolojia Pashler na wenzake ya mwaka 2008. Walitafuta majaribio ya kuthibitisha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake kunamfaa zaidi. Ushahidi wa kutosha hawakuupata. Kupenda kupo, ndiyo. Mimi napenda wali kuliko bugali, lakini vyote vinanishibisha.

Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu, ndio walionipa kazi ya kufanya. Katika jaribio lao la 2006, waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima bila kitabu walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Basi dakika 7 za kwanza madaftari yanafungwa. Kipande cha karatasi, maswali matatu: la jana, la wiki iliyopita, la mwezi uliopita. Mwanzoni nilitoa alama, wakanakiliana vibaya sana. Nilipoziondoa, kila mmoja akawa anajisahihisha. Walinuna wiki mbili. Hata mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa nini nawachosha watoto badala ya kuwaandikia notisi wazimeze kabla ya mtihani wa taifa. Nikamwonyesha karatasi za mwanawe, za Oktoba na za Januari. Alizitazama muda mrefu, akaaga.

Yule msichana wa masikio alichora moyo wote bila kuangalia popote. Alisahau vali moja tu. Jumatatu iliyofuata nikamuuliza hiyo hiyo.