Ulikuwa wapi siku ile? Namna ya kurekodi kumbukumbu za misiba ya taifa

Kijana aliyekuwa na miaka 20 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki, tarehe 12 Aprili 1984, leo amevuka 60. Waliokuwa tayari na familia siku hiyo wengi wametangulia mbele ya haki. Kila mwaka ikifika Aprili, Mei au Oktoba tunawasikia wazee wakisema "siku ile naikumbuka kama jana", wanasimulia kidogo, chai inamiminwa, mazungumzo yanahamia kwingine. Hakuna aliyerekodi. Hili linaniuma sana, maana kinasa sauti kimo mfukoni mwa kila mtu na kazi yenyewe inawezekana kabisa ukijua inavyofanywa. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mama, babu, jirani au mwalimu mstaafu ambaye angependa kuulizwa.

Anza na siku, msiba utakuja wenyewe. Ukimwuliza mtu "ulijisikiaje Mwalimu alipofariki?" atakujibu kwamba aliumia na alilia. Ni kweli, lakini hilo ungeweza kuliandika bila kumfuata nyumbani kwake. Muulize aliamka wapi asubuhi hiyo, nyumba ya nani, nani walikuwa ndani. Alikuwa na safari gani. Redio ilikuwa ya nani na ilikaa wapi, ilitumia betri au umeme, na alikuwa akisikiliza stesheni gani: Radio Tanzania, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Sauti ya Ujerumani? Kama hakusikia redioni, nani alimwambia na kwa maneno gani, na huyo naye aliyapata wapi? Halafu swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: baada ya kusikia, mikono yake ilifanya nini? Aliendelea kupalilia, alifunga duka, aliinjika chungu cha jioni kama kawaida, alimfuata mtoto shuleni?

Tuseme mama anasema alikuwa anachambua mchicha. Usipite haraka. Muulize mchicha aliutoa wapi. Akisema bustanini nyuma ya nyumba ya Morogoro, umeshajua alikuwa hajahamia Dar es Salaam, na kama familia inajua mwaka wa kuhama, una kipimo cha kumbukumbu nzima. Akisema aliununua gengeni, muulize genge la nani, na kesho yake watu walikuwa wanazungumza nini pale. Swali moja la mboga linaweza kukupa mtaa, majirani, bei na uvumi uliokuwa unazunguka, vitu ambavyo asingevitaja ukimwambia tu "nieleze unachokumbuka".

Akinyamaza, mwache anyamaze. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kusema lolote. Kosa kubwa la waulizaji vijana ni kummalizia mzee sentensi, na kosa la pili ni swali linalobeba jibu ndani yake. "Redio ilipiga nyimbo za maombolezo, sivyo?" Atasema ndiyo, hata kama hakumbuki, kwa adabu tu. Sema: "Redioni kulikuwa na nini?" Kisha kuna ndugu aliyekaa pembeni anayesahihisha: "Hapana mama, ilikuwa Jumatano." Mama atamkubalia, na kumbukumbu yake inakuwa imefunikwa na ya mwanawe. Mrekodi kila mmoja peke yake kwanza. Baadaye wakae pamoja wabishane mbele ya kinasa sauti, na ubishi huo nao una thamani yake, lakini uje wa pili.

Sasa suala la ukweli, ambalo wengi hulikwepa kwa kuogopa kumvunjia mtu heshima. Kumbukumbu ya siku ya msiba huja na picha kali na uhakika mkubwa, na uhakika huo hautoshi kuwa ushahidi. Wanasaikolojia wa Marekani walilipima hili baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka tarehe 28 Januari 1986. Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa chuo karatasi asubuhi iliyofuata waandike walikuwa wapi na walisikiaje. Miaka miwili na nusu hivi baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Robo ya hao walikosea kila jambo kuu, huku wengi wakiwa na uhakika kabisa na majibu yao. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya mwanzo haikurudi. Hawakuwa waongo. Ubongo hujenga upya tukio kila linaposimuliwa, na huokota vipande kutoka kwenye picha, matangazo na masimulizi ya watu wengine.

Kwetu mtego mkubwa ni televisheni. Kifo cha Sokoine kilitangazwa na Mwalimu Nyerere redioni siku ileile, baada ya ajali ya gari ya Dakawa, Morogoro, Waziri Mkuu akiwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Sauti ile imerudiwa karibu kila Aprili tangu hapo, na siku hizi huambatanishwa na picha. Basi mtu wa Iringa au Shinyanga akikuambia "nilimwona Mwalimu kwenye TV akitangaza", jua vitu viwili vimeshikana. Mwaka 1984 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. ITV ilianza 1994. Aliyekuwa Zanzibar ni habari nyingine, kwa kuwa kule televisheni ilikuwapo tangu miaka ya 1970. Vivyo hivyo Ijumaa Kuu: tarehe 12 Aprili 1984 ilikuwa Alhamisi, na Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 22. Anayekumbuka walikuwa wanatoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu amechanganya wiki moja na nyingine.

Kwa kifo cha Mwalimu, angalia neno "sikukuu". Tarehe 14 Oktoba leo ni siku ya mapumziko, lakini mwaka 1999 ilikuwa Alhamisi ya kazi na ya shule. Aliyekuwa mwanafunzi akisema "tulikuwa nyumbani kwa sababu ilikuwa sikukuu", amechukua Oktoba ya miaka ya baadaye akaipachika pale. Jambo jingine ni kwamba msiba ule ulikuwa na siku nyingi ndani yake. Kwanza zilikuja habari za kuugua kwake, akiwa amelazwa London. Akafuata Rais Mkapa kutangaza kifo, kisha mwili ukawasili Dar es Salaam, watu wakapanga foleni kuaga Uwanja wa Taifa, na mazishi yakafanyika Butiama tarehe 23 Oktoba. Wasimulizi wengi huzibana siku hizo zote kuwa moja. Mwulize moja moja: tangazo ulilisikia wapi? Uliaga? Siku ya mazishi ulikuwa wapi? Utashangaa mara ngapi "nilikuwa Dar" na "nilikuwa Musoma" zote ni sahihi, kwa siku tofauti.

Simu nazo ni kipimo kizuri. Mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, simu za mkononi zilikuwa chache na za gharama kubwa, na Vodacom iliingia nchini mwaka 2000. Ujumbe mfupi wa simu kwenye simulizi la kijijini la 1984 au 1996 umetoka kwenye msiba mwingine. Zanzibar nako meli mbili huchanganywa mara kwa mara: Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit iliyozama mchana wa Jumatano tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Muulize kama Ramadhani ilikuwa imekwisha au inakaribia kuingia. Ya kwanza ilitokea siku chache baada ya Idi, ya pili siku chache kabla ya mfungo.

Ukigundua kosa, usilisahihishe pale pale wala usilifute. Muulize swali la pembeni, "na TV ilikuwa ya nani?", arudi mwenyewe kwenye chumba kile. Akishikilia, andika alivyosema, na chini yake weka maelezo yako kwa alama inayoonyesha ni yako. Uvumi uandikwe hivyo hivyo. Kuhusu ajali ya Dakawa utasikia mengi, swali lenye faida ni "hayo uliyasikia lini, na kwa nani?" Aliyeyasikia wiki ileile na aliyeyasikia miaka kumi baadaye wote wanakupa historia, ila ni historia za nyakati mbili tofauti.

MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, inahitaji nafasi yake. Ilipinduka asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo kwenda Mwanza. Haikwenda chini mara moja. Ilielea kichwa chini watu wakiwa wamenaswa ndani, na lilipotobolewa tundu ili kuwaokoa, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikazama. Kwa hiyo msimulizi mmoja akisema ilizama asubuhi na mwingine akasema baadaye, usikimbilie kumchagua mmoja. Yupo anayekumbuka kupinduka na yupo anayekumbuka kuzama.

Meli ile ilikuwa na nafasi za abiria 430. Orodha ya majina ilikuwapo kwa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Idadi ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 894, na wapo wanaoamini walikuwa wengi kuliko hao. Fikiria maana yake kwa familia. Kwa abiria wa daraja la tatu ambaye mwili wake haukupatikana, huenda hati pekee ya kwamba alikuwa melini ni kumbukumbu ya dada aliyemsindikiza bandarini. Dada huyo akiondoka bila kuulizwa, jina hilo halina tena pa kushikwa. Ndiyo sababu kwa familia za Kagera na Mwanza mimi nasema kazi hii isingoje likizo ijayo.

Hapo maswali ni haya: nani alimsindikiza, mpaka wapi, alipandia Bukoba au Kemondo, tiketi ya daraja gani na nani aliilipia, alivaa nini, alibeba nini, nani angempokea Mwanza, waliongea nini mara ya mwisho. Kisha upande wa pili: habari ilifikaje nyumbani, nani alikwenda Mwanza kutafuta, alitazama miili wapi, alizikwa nyumbani au katika makaburi ya Igoma, na matanga yaliwekwa lini kama mwili haukuonekana. Usianze na miili. Anza na safari, tena mchana, na usimwache mzee peke yake mara baada ya mazungumzo. Akisema "hapo niache", unaacha, na kinasa sauti unakizima mbele ya macho yake.

Kwa upande wa vifaa, simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isikatizwe na mtu anayepiga katikati ya sentensi. Ilaze juu ya khanga iliyokunjwa, kwa sababu meza tupu hupeleka kila kishindo cha kikombe kwenye maikrofoni. Maikrofoni iko chini, karibu na tundu la chaji, kwa hiyo upande huo umwelekee msimulizi, shubiri mbili hivi kutoka mdomoni, na kasha lisiuzibe. Zima feni na redio. Chini ya bati mvua ikianza, simamisha, maana hutasikia kitu. Chagua WAV (aina ya faili la sauti isiyobanwa) kama programu yako inaruhusu: saa moja ya sauti ya chaneli moja hula takriban MB 300, hivyo uwe na GB 1 wazi na betri zaidi ya nusu. Rekodi sekunde kumi za majaribio na uzisikilize. Dakika 45 hadi saa moja zinatosha kwa mzee. Rudi siku nyingine.

Kabla ya swali la kwanza, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mweleze rekodi ni ya nini na nani ataisikia, akubali kwa sauti yake ikiwa inarekodiwa. Wewe utaje tarehe, mahali, jina lake na mwaka aliozaliwa. Usimpe karatasi asaini kabla hajaelewa.

Unapoandika, acha maneno yake kama alivyoyasema, lahaja na yote. Muda uuandike kwa saa zetu, na ukiweka pia ule wa kimataifa ongeza alama, kwa sababu "saa mbili" ya bibi na "2:00" ya mjukuu aliyesoma nje zimeshaharibu maandishi mengi. Kwa ndugu waliokuwa ng'ambo siku hiyo, uliza ni saa ya wapi: Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na London mwezi Oktoba 1999 walikuwa nyuma kwa saa mbili.

Usihifadhi nakala kwenye simu pekee. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati ili faili lenyewe lifike jinsi lilivyo. Weka nakala tatu mahali tofauti, moja ikiwa kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Jina la faili lianze na mwaka wa tukio, kisha tukio, jina la msimulizi na tarehe ya kurekodi: 1996_MVBukoba_jina_tarehe. Halafu mpelekee mzee maandishi yake yaliyochapwa kwa herufi kubwa, umsomee kama macho yamechoka, na kinasa sauti kiwe kimewashwa tena, kwa sababu akisikia maneno yake mwenyewe ndipo anapokumbuka jina la yule jirani aliyeleta habari.