Maili 400 na Mtoto wa Miezi Mitano

Kadi ya mwaliko ilifika kwa posta mwishoni mwa Machi, binti yangu akiwa na miezi mitatu, na chini ya majina ya maharusi palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwa adabu kwamba sherehe ni ya watu wazima tu. Niliusoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni kwetu Columbus, Ohio, mtoto yuko begani, kisha nikaiweka kadi juu ya friji kana kwamba ni bili ambayo bado sijaamua kuilipa. Bibi harusi ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukilala yeye kitanda cha juu na mimi cha chini katika bweni la chuo kikuu Dar es Salaam. Nilipoolewa Korogwe, yeye ndiye aliyenisimamia, akitokea Mwanza kwa basi, na tulikuwa tumekubaliana tangu zamani kwamba zamu yake ikifika nami nitamsimamia, awe yuko nchi gani.

Kwetu kadi ya harusi huwa ya singo au ya dabo kulingana na mchango uliotoa, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza mtoto wa mgongoni anaingia katika hesabu ipi. Nilimpigia simu. "Shoga, kadi nimeiona," nikaanza, naye akacheka kabla sijamaliza. Alinieleza kwamba ukumbi wa huku hulipiwa kwa sahani, kila kiti kina bei yake, na wakwe zake, Wakenya wa Baltimore wenye ndugu wengi, walikuwa wamekwisha kuijaza orodha. Mstari ule uliwekwa kwa ajili ya watoto wa miaka 7 na 8, wanaokula kama watu wazima na kukimbizana chini ya meza. "Huyo wa kwako anakula kwako," akasema. "Mlete."

Mama yangu, nilipompigia Korogwe kumwuliza kama ni busara kusafiri na mtoto mdogo kiasi kile, hakulielewa hata swali lenyewe. "Mwanangu, wewe nilikupeleka Moshi kwenye harusi ya mjomba wako ukiwa na siku hamsini," akasema, "tena kwenye basi lililotuharibikia Mkomazi. Ulifika umelala mapajani mwa mwanamke ambaye mpaka leo jina lake silijui." Onyo lake lilikuwa moja tu, kwamba nisisahau kumfunika kichwa usiku.

Tofauti ya safari yake na yangu ilikuwa katika hayo mapaja. Kutoka Columbus hadi Silver Spring, Maryland, ambako harusi ingefanyika, ni takriban maili 400, yaani umbali unaokaribiana na ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Tulifikiria ndege, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa bila kukatiwa tiketi katika safari za ndani ya Marekani, na maziwa ya mama huruhusiwa kupita kwenye ukaguzi hata yakizidi kipimo cha vimiminika kilichowekwa kwa abiria wengine. Tatizo ni kwamba ukishuka kwenye ndege bado unahitaji gari, na gari linahitaji kiti cha mtoto, na kiti hicho ni mzigo kama gunia la mkaa. Tukaamua kwenda kwa barabara.

Katika gari la huku mtoto hapakatwi. Pennsylvania na Maryland, mawili kati ya majimbo tuliyokuwa tunayapita, humtaka mtoto wa chini ya miaka 2 akae kwenye kiti chake akielekea nyuma, mikanda imemkaza kifuani, kwa hiyo dereva haoni ila mgongo wa kiti, naye mtoto haoni ila kitambaa kilicho mbele ya pua yake. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenionya pia kwamba mtoto wa umri ule asiachwe kwenye kiti muda mrefu, kwani kichwa huweza kuinamia kifuani na kuibana njia ya hewa. Baada ya kila saa mbili atolewe, alazwe chali, ajinyooshe. Nilikaa nyuma pamoja naye njia nzima, kidole changu kikiwa ndani ya kiganja chake, na mwendo wa saa sita na nusu ukawa wa saa kumi.

Tuliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, mwanzo wa wikiendi ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ambayo huangukia Jumatatu ya mwisho ya Mei na ambayo, ninavyoamini, huwatoa Wamarekani wote nyumbani kwa wakati mmoja. Mtoto aliilala Ohio yote. Tulivuka mto huko Wheeling na kuipita ncha nyembamba ya West Virginia, ambayo kwenye barabara ya I-70 haifiki hata maili 15, naye bado amelala, mume wangu akaanza kusema kwamba watu huongeza chumvi kuhusu kusafiri na watoto. Sikumjibu. Kwenye milima ya Pennsylvania barabara huingia ndani ya handaki refu la Allegheny, na mle ndani, taa za manjano zikipita juu yetu moja baada ya nyingine, binti yangu alifumbua macho, akazitazama taa kama nne hivi, kisha akalia kilio ambacho hakikukatika mpaka Breezewood.

Breezewood ni mahali ambapo kila mwenye kusafiri kati ya Ohio na Washington hupajua na hakuna anayepasifu. Barabara kuu ya I-70, ambayo kwingine kote ni ya mwendo wa kasi bila kituo, hapo hukutoa na kukuingiza kwenye kipande kifupi cha barabara ya kawaida chenye taa za kuongozea magari, katikati ya vituo vya mafuta, mabango marefu na migahawa ya chakula cha haraka, kabla ya kukurudisha kwenye njia yako. Siku hiyo magari yalikuwa yamesimama pua kwa mkia. Nikiri kwamba mimi nilipapenda. Papo hapo nikakumbuka Korogwe, mabasi yakisimama, abiria wakiteremka kununua machungwa, kila mtu akijua kwamba kila mtu yuko safarini. Nilijitanda khanga nikakaa kwenye ukingo wa maua nje ya kituo cha mafuta, nikanyonyesha. Sheria za majimbo yote 50 humruhusu mama kunyonyesha mahali pa umma, lakini sheria haizuii macho, na wanaume wawili wenye vikombe vya kahawa walinitazama, wakageuka, wakatazama tena. Aliyenisogelea alikuwa mwanamke mzee mwenye mbwa mdogo, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kituangukie, akaanza kunihadithia habari za wajukuu zake bila kuulizwa. Alisimama hapo mpaka mtoto akashiba.

Tulifika hotelini alasiri. Kitanda cha mtoto nilichokuwa nimekiagiza kwa simu, na kuthibitishiwa, hakikuwapo. Kijana wa mapokezi alisema vyote vimekwisha chukuliwa, akaniomba radhi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba radhi mara nyingi siku hiyo. Chetu cha kukunja tulikuwa tumekiacha Columbus kwa kuamini ahadi hiyo, na kitanda cha hoteli, laini na chenye mito, si pahali pa kumlaza mtoto wa miezi mitano. Saa tatu usiku niliandika ujumbe kwenye kundi la kamati ya harusi, ambalo kwa wiki tatu lilikuwa halizungumzii ila michango na rangi ya vitambaa vya meza. Baada ya dakika arobaini mwanamume nisiyemjua aligonga mlango akiwa na kitanda cha kukunja begani, bado kina karatasi ya bei ya duka la mitumba. Alisema ameagizwa na Mama Mdogo, akakataa hata maji, akaondoka. Mama Mdogo ni nani nilikuwa sijui.

Misa ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Nilikuwa nimekamua maziwa asubuhi na kuyaweka kwenye begi la barafu, maana msimamizi hawezi kuondoka altareni kwenda kunyonyesha, na mume wangu akakabidhiwa mtoto, chupa na maagizo. Kanisa lile, kama makanisa mengi ya Kikatoliki ya huku, lina chumba cha nyuma chenye ukuta wa kioo kwa ajili ya wenye watoto, na spika ndogo inayowaletea misa. Kila nilipogeuka kurekebisha shela ya bibi harusi nilimwona mume wangu nyuma ya kioo, peke yake kati ya akina mama watano, akipiga hatua za kubembeleza, midomo yake ikicheza wimbo nisiousikia.

Shida kubwa ilikuwa gauni. Sare yetu ya kitenge ilikuwa imeshonwa na fundi wa Dar es Salaam kwa vipimo nilivyotuma kwa simu, ikaletwa ndani ya sanduku la msafiri, nzuri mno, imenikaa barabara, na zipu ndefu mgongoni. Mwanamke anayenyonyesha na akakubali kushonewa zipu ya mgongoni hana wa kumlaumu. Kadi ilisema ukumbini saa kumi na moja. Maharusi waliingia saa moja na dakika ishirini, saa ileile ambayo binti yangu hulala, na vyombo vya muziki vikafunguliwa. Tulikuwa tumemvisha vizuia sauti vikubwa vya masikio, akawa kama rubani, na watu kutoka meza za mbali walikuja kumpiga picha. Lakini njaa haizuiliwi na vizuia sauti. Nilikimbilia vyooni naye, nikavua gauni zima mpaka kiunoni, nikakaa juu ya kifuniko cha choo nikimnyonyesha huku nimejaa jasho na pambo la nywele limelala upande.

Mlango ukagongwa. "Mama mtoto, ni mimi, Mama Mdogo." Nilifungua kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, ameshika pini mdomoni na khanga mbili begani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Mshereheshaji anakutafuta, keki inakatwa." Alisubiri mtoto amalize, akanifunga zipu, akanipangusa uso kwa pembe ya khanga, kisha akamchukua binti yangu bila kuniuliza, akainama, akamtupia mgongoni, akamfunga kwa mikono miwili ya haraka. Nilirudi ukumbini kulisha watu keki. Kila nilipoinua macho kumtafuta mtoto nilimwona yuko mahali pengine: mgongoni karibu na meza ya pilau, mgongoni kwenye mstari wa wanaocheza kuelekea meza kuu na zawadi, kisha, saa nne usiku, kwenye mgongo wa mwanamke mwingine kabisa, Mkikuyu wa upande wa bwana harusi, amelala fofofo na vizuia sauti vyake.

Tulirudi Columbus Jumapili. Nilipokuwa nikitoa nguo chafu kwenye begi la mtoto nilikuta khanga isiyo yangu, nyekundu na nyeusi, jina lake limefifia kwa kufuliwa mpaka halisomeki. Niliipiga picha nikaituma kwenye kundi la kamati nikiuliza mwenyewe nani. Mama Mdogo alijibu kwamba zake zote mbili anazo. Wengine kumi na mmoja walijibu kwamba si yao, mmoja akaniuliza mtoto anaendeleaje, na tangu hapo tunamfunikia kichwa usiku.