Mvinyo wa rozela: povu likiisha, kazi bado

Mvinyo mwingi wa rozela huharibika wiki ya tatu, na mharibifu ni mwenyewe: povu limeisha, rangi inavutia, anaujaza kwenye chupa na kuita watu.

Kwa lita 10 tumia rozela kavu (choya) gramu 200, sukari kilo 2.3 na hamira ya mvinyo gramu 5. Loweka rozela kwenye maji ya moto nusu saa, chuja, koroga sukari, ongeza maji hadi lita 10, acha upoe kabla ya kutia hamira. Ya mkate nayo inachachusha, ila mashapo yake hayatulii; ukigusa dumu tu yanainuka.

Povu kuisha hakumaanishi sukari imeisha. Pima kwa haidromita (kifaa kinachoelea kwenye mvinyo na kuonyesha sukari iliyobaki): ikisoma karibu na 0.995 na wiki mbili baadaye isisogee, sawa. Chupa ya kioo iliyofungwa na sukari bado inachachuka hupasuka.

Hamisha mvinyo kwa mpira kwenda chombo kingine wiki ya tatu, ukiacha mashapo chini, kisha tena baada ya miezi miwili. Hamira iliyokufa ikikaa chini muda mrefu inaleta harufu ya yai viza. Ncha ya mpira ifike chini kabisa ya chombo kipya. Mvinyo ukianguka kutoka juu unachukua hewa, na hewa ndiyo inayogeuza wekundu kuwa rangi ya tofali.

Hewa ndiyo adui mkubwa hapa. Dumu lililojaa nusu ni kiwanda cha siki, kwa sababu bakteria wa siki hawafanyi kazi bila hewa. Jaza mpaka ibaki nafasi ya sentimita 3. Ukipungukiwa, hamishia kwenye vyombo vidogo. Plastiki nayo hupitisha hewa kidogo kidogo, kwa hiyo miezi ya mwisho tumia kioo. Weka sakafuni, gizani, mbali na chumba cha bati kisicho na dari.

Mwezi wa pili ukionja utapata ukakasi unaokamata fizi na ukali wa pombe mbichi. Mwezi wa sita vyote vimelainika. Kwa joto la Dar sioni faida ya kuvuka mwaka: rangi na harufu zinaanza kufifia. Mvinyo wa nanasi hauna ukakasi huo, miezi minne inautosha.

Anayependa utamu aongeze sukari kwenye jagi siku ya kunywa, asiitie kwenye chupa.